Ganda la Mjerumani

Kengele ya kanisa letu, nje kidogo ya Sikonge, ni ganda la kombora la Mjerumani. Babu mzaa mama alibebeshwa makombora katika vita ile ya kwanza ya dunia, na Wabelgiji walipoiteka Tabora akaokota ganda moja tupu la shaba, akarudi nalo kichwani. Likatobolewa, likaning'inizwa kati ya nguzo mbili za mninga. Likigongwa kwa nondo, hata warina asali porini walisimama.

Mama yangu, Prisila, alilipiga miaka arobaini. Akifa mtu, alipiga pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake, taratibu, nasi shambani tunaacha majembe na kuhesabu. Likipita la themanini, tulishajua ni nani. Lo, siku zile! Leo msiba unaletwa na simu, pamoja na kikatuni kinacholia.

Mwaka jana, kwa ajili ya jubilei, Amon na wazee wenzake wa kanisa waliamua kulienzi. Waliogopa wanunuzi wa vyuma chakavu, basi wakalisimika kwenye nguzo ya saruji, mdomo chini, likazama hadi kiunoni. Nikaligonga. Likasema "ko", kama debe la unga. Nilimwambia Amon maneno ambayo sitayarudia hapa, mimi ni Mmoravian.

Mwezi huu mama, mwenye miaka themanini na saba, akaacha kula. Akaniambia, "Recheli, niitie Amon."

Amon akaja, akachutama mlangoni. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako alipofariki, nani alimpigia?"

"Ni wewe, bibi."

"Hamsini na tatu. Mvua inanyesha, na sikuruka hata pigo moja. Mimi utanipigia nini? Saruji?"

Amon akainama. Akasema siku ikifika watalitoa.

"Nikishakufa nani atanisimulia lilivyolia? Nataka nisikie mwenyewe."

Amon alivunja ile saruji siku mbili, peke yake, kwa tindo na nyundo, akalining'iniza tena ganda kati ya nguzo zake. Jumamosi asubuhi nikamketisha mama uani, blanketi magotini. Nyumba yetu inapakana na uwanja wa kanisa.

Ganda likalia. Ee Mungu wangu, sauti ile! Nililia waziwazi wala sikujali. Mama alihesabu kwa vidole. Pigo la ishirini na moja akasema, "Hapo niliolewa." La sitini na mbili: "Hapo baba yako alituacha." Nikamshika mkono.

Lilipolia la themanini na sita, akaunyoosha mkono juu ili Amon auone.

"Basi, mwanangu. Hilo moja lililobaki ni la siku yenyewe."

Muda si mrefu majirani wakaanza kuingia, vichwani wamebeba kuni na unga wa msiba. Walihesabu, wakajua ni nani. Walipomkuta amekaa kitini anawatazama, walisimama pale wakiona aibu, wakataka kugeuka na mizigo yao.

"Msirudi nazo," mama akawaambia. "Ziwekeni nyuma ya jiko, zisinyeshewe."