Mtoto wa Mama Keren

Kazi ya Nadège, katika ofisi ndogo moja ya Butembo, mashariki mwa Kongo, ilikuwa kubuni watu. Ofisi ile ilikuwa inatengeneza huduma ya simu kwa wakulima wa upande wa Beni, ya kuwajulisha kila alfajiri kama njia ya mashambani ni salama au adui, wale waasi wa msituni, wameonekana. Kabla ya kuitengeneza ilibidi wajue wanamtengenezea nani. Basi Nadège aliwazungukia wakulima, akaketi nao, akawauliza wanaishi vipi na simu wanaitumiaje. Kisha kutokana na maisha ya wengi akaunda mtu mmoja asiyekuwepo, mwenye jina lake, umri wake na shida zake. Mtu wa namna hiyo mafundi humwita persona. Karatasi yake hubandikwa ukutani, na wanapobishana humtazama yeye na kuulizana: huyu ataweza?

Katika mizunguko hiyo, mjini Beni, alikutana na Godelive, mjane aliyekimbia kijiji chake karibu na Mangina, akapewa chumba uani kwa Faida, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge sokoni. Kakao yake ilibaki kule alikotoka. Alirudi mara kwa mara kuichuma, kwa sababu mjini hakuwa na shamba wala ndugu. Simu alikuwa nayo, ile ya vibonye, lakini kusoma hakujua. Ujumbe ukiingia alimpelekea Faida.

Alikuwa amezaa binti mmoja, Jemima, ambaye adui walimuua shambani. Tangu hapo watu waliokuwa wakimwita Mama Jemima waliliacha jina hilo, wakaanza kumwita kwa jina la ubatizo. Walidhani wanamhurumia.

Siku ile walizungumza wakimenya mihogo. Godelive alieleza mengi bila kuulizwa sana: njia anayopita, watu anaofuatana nao, anavyozima simu akifika msituni isije ikalia. Mwishoni akataka kujua maneno yake yote hayo yanapelekwa wapi. Nadège akamweleza habari ya yule mtu wa kubuni. Godelive alicheka kidogo, kisu kikiwa mkononi.

"Ule mama mwenye mutaandika," akauliza, "ataitwa nani?"

Nadège akasema hajui bado.

"Mumuite kwa jina ya mutoto wake. Umupatie mutoto, mwanangu. Wangu balimuua. Wake umuache muzima."

Nadège alishindwa kumkatalia. Aliporudi Butembo aliandika karatasi ya mwanamke mkulima wa kakao, mjane, mkimbizi, asiyejua kusoma. Akamwita Mama Keren. Akampa binti anayesoma shule ya sekondari, ambaye humsomea mama yake kila ujumbe unaoingia. Akampigia Godelive simu kumpa habari hiyo. Hakuona kama amedanganya. Wanawake wengi aliokutana nao walikuwa na watoto wa namna hiyo.

Ikafika siku ya kuamua huduma itatoka kwa maandishi au kwa sauti. Apollinaire, mkuu wao, alieleza kwamba sauti itachukua muda: lazima warekodi kwa Kinande na kwa Kiswahili, tena upya kila habari ikibadilika, na watu kule wanaendelea kufa. Maandishi yanaweza kuanza mara moja. Akanyoosha kidole ukutani, akasema hata Mama Keren, asiyejua herufi, ana wa kumsomea. Nadège alimkumbuka Godelive. Akajiambia kwamba Faida yupo, na kwamba Apollinaire anasema kweli kuhusu haraka. Akanyamaza, na wenzake wakaendelea na kazi.

Huduma ilianza, na iliwasaidia watu. Kuna waliogeuka njiani kwa sababu ya ujumbe ule, wakapiga simu kushukuru. Ofisini walifurahi.

Asubuhi moja ya msimu wa kakao ujumbe ulitoka kwamba adui wameonekana kwenye njia ya Godelive. Faida alikuwa amesafiri kununua bidhaa. Simu ya Godelive ililia akiwa anafunga gunia lake. Jirani mmoja alimwona akiitazama, akiitia ndani ya kitenge na kutoka. Vijana waliorudi na miili siku iliyofuata walikuwa wamemkuta yeye na wengine wawili chini ya miti ya kakao.

Nadège alisikia habari hiyo kutoka kwa Faida mwenyewe, kwa simu. Alipanda gari akaenda Beni kwenye kilio. Uani walikuwa wameketi akina mama wa parokia na majirani wa Faida wa msikitini, pamoja, kwenye mikeka. Walimpisha akakaa. Walikula fufu na sombe, wakaimba, na watu walipoanza kuondoka Faida akamvuta pembeni, nyuma ya jiko.

Hapo Nadège akamwambia yote: ombi la Godelive, Keren, karatasi ukutani, na siku aliyonyamaza. Faida alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipojibu hakupandisha sauti.

"Siwezi kukuambia kama angesikia angebaki. Kakao ilikuwa inaoza. Na siwezi kukuambia angeenda. Ile Mungu tu njo anajua."

Kisha akaongeza kwamba Godelive alikuwa hajamsahau yule mama wa kwenye karatasi. Kila ujumbe wa ofisi ulipoingia, Faida akishamsomea, yeye aliuliza kama kuna habari za Mama Keren.

"Aliniuliza kama Keren anasoma muzuri," Faida akasema. "Nilikuwa namujibu, ndiyo, anasoma muzuri."

Nadège alilala kwa Faida, asubuhi akarudi Butembo. Alimfuata Apollinaire mezani kwake akamsimulia, bila kuacha neno. Apollinaire alivua miwani. Alisema kosa hilo si la Nadège peke yake. Yeye ndiye aliyetaka haraka, na hakuuliza ni wangapi wasiokuwa na wa kuwasomea. Halafu akamwomba aitengeneze upya ile karatasi, amtoe mtoto, ili timu nzima ione ukweli.

Nadège alikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Mstari wa kufuta ulikuwa mmoja tu. Hakuweza. Akaona pia kwamba si lazima aufute, maana akina Mama Keren wapo, na watoto wao wapo. Asiyekuwepo ukutani alikuwa yule mwingine. Akafungua ukurasa mtupu akaandika mwanamke wa pili: anaishi peke yake, hasomi, anatoka kabla majirani hawajaamka. Apollinaire alipendekeza apewe jina la Godelive, kwa heshima yake. Nadège akakataa.

"Godelive alikuwa mutu," akasema. "Huyu aitwe Kahongya."

Karatasi mbili zikabandikwa pamoja. Kwenye mkutano, mmoja wao aliuliza nani anamsomea Kahongya. Nadège akajibu hakuna, na mjadala wa maandishi au sauti ukaishia hapo.

Sauti ikarekodiwa. Ilichukua muda, kama Apollinaire alivyosema mwanzoni. Ilipoanza kutoka, Faida alipiga simu kutoka sokoni. Akamwambia kwamba akina mama wanasimama na mizigo yao mgongoni, simu sikioni, wanasikiliza mpaka mwisho, na kwamba asubuhi hiyo wengine walikuwa wamerudi nyumbani.

Nadège alimjibu kwa Kinande, "Wasingya," yaani asante, akakata simu. Kisha akalia hapohapo mezani, mchana, mbele ya wenzake wote. Apollinaire aliinuka akafunga mlango wa barabarani, akarudi kuketi. Hakuna aliyemwambia anyamaze.