Shajara ya Siri ya Bwana Gontran

Haya, kitendawili: ni siri gani hupigwa chapa, ikapangwa dirishani mwa duka la vitabu, na mwenyewe akaitia sahihi huku anakunywa divai? Umeshindwa? Nipe mji. Nitachukua Lyon, kwa kuwa ndiko anakoishi Bwana Gontran Vasseur, mwenye shajara ya siri isiyojulikana na mtu, ila Ufaransa nzima.

Kila Septemba, vitabu vipya vinapomwagika madukani, na chake kimo. Mkewe, Odile, humo anaitwa O. Mara O. ana kikohozi, mara O. kaunguza bata. Odile alivumilia. Lakini safari hii, akipitia kurasa kabla hazijaenda kupigwa chapa, akamkuta mdogo wake: "M. amekuja tena. Anacheka kama mlango usiotiwa mafuta, na akili ameiacha nje imngojee."

Huyo M. ni Mireille, ndugu pekee aliyebaki naye duniani.

"Gontran, futa hii."

"Nifute ukweli, mpenzi? Shajara ni kioo cha nafsi."

"Kioo gani hicho kisichokuonyesha ukikoroma? Unaandika 'alfajiri, umande dirishani', na alfajiri yako ni baada ya chakula cha mchana, tumbo limejaa jibini!"

"Hiyo ndiyo fasihi."

"Basi na mimi nimeanza fasihi. Kile chama kinachopokea shajara za watu wa kawaida, si wanazisoma zote, hata za wauza samaki? Nawapelekea yangu."

Bwana mkubwa akapauka. "Umeandika nini humo?"

"Ukweli, mpenzi."

M. akafutwa kabla kahawa haijapoa.

Kitabu kikatoka, Odile akalala usingizi wa mtoto mchanga. Siku chache baadaye simu ikalia.

"Dada, nimekisoma chote. Nimerudia!" Ni Mireille.

"Ehe?"

"Ehe nini? Muuza mkate wenu yumo. Paka wa jirani kapewa kurasa tatu! Mimi ninayeshinda kwenu kila Jumapili, hata herufi moja? Shemeji ananionaje, kabati?"

"Mdogo wangu, sikiliza..."

"Usinidogo! Saluni nzima wananiuliza niko ukurasa gani. Niwajibu nini?" Akakata.

Odile akaenda moja kwa moja chumba cha kuandikia.

"Gontran, mwakani mtie Mireille."

"Kwa ukweli?"

"Ukweli wowote unaotaka. Ila amshinde paka kwa kurasa!"