Elki Juu ya Seng'enge ya Harlan Vick

Mwaka ule mume wangu hakuwinda. Mwezi wa tisa Duane alianguka kutoka paa la ghala letu akavunjika nyonga, na msimu wa uwindaji ukaja ukapita huku amelala sebuleni, akisikiliza milio ya bunduki za wenzake kutoka milimani. Katika bonde letu mtu haulizwi ana mali kiasi gani. Anaulizwa kama friza yake imejaa. Yetu ilikuwa na mikate miwili, mfuko wa mahindi, na barafu. Watoto wanne walikuwa wamekula tambi majuma matatu mfululizo, na baridi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Kwa hiyo asubuhi ile, nilipokuta lori la magogo limesimama kando ya barabara na dereva wake akikagua taa iliyopasuka, sikuangalia taa. Niliangalia mtaroni. Elki jike, yule kulungu wetu mkubwa anayekaribiana na ng'ombe kwa uzito, alikuwa ameangukia juu ya seng'enge ya jirani yetu Harlan Vick.

"Unamtaka?" dereva akaniuliza.

"Namtaka."

"Basi wako, mama. Mimi nina safari."

Kwetu ni halali kumchukua mnyama aliyeuawa na gari, mradi upate kibali kabla ya siku kupita, na mradi umbebe mzima, matumbo na yote, usiache kando ya barabara kitu cha kuwaita kunguru. Nilikuwa nimekwisha kuipanga nyama ile akilini mwangu: mapaja ya kukausha, mbavu za Jumapili, shingo ya kusaga. Lori likaondoka. Ndipo elki akainua kichwa.

Kitumbua changu kikaingia mchanga. Mgongo wake ulikuwa umevunjika. Miguu ya mbele ilichimba theluji, ya nyuma ililala tu kama si yake. Na sheria ile ile inayotupa nyama inasema kwamba mnyama aliyejeruhiwa humalizwa na askari peke yake. Raia akimuua ili amchukue, hana haki naye tena. Nilipiga simu. Askari wa kaunti akanijibu kwamba barabara ina barafu. Nimsubiri dakika arobaini.

Sijaiweka simu mfukoni, pikapu ya Harlan ikafunga breki nyuma yangu. Harlan na Duane walikuwa hawajasemezana miaka sita, tangu Harlan alipofunga lango la mfereji wa maji katikati ya kiangazi na shayiri yetu ikakauka. Alishuka taratibu, akavaa glavu zake kidole baada ya kidole.

"Toka kwenye ua wangu, Lavonne."

"Niko barabarani. Ua wako uko kule."

"Na huyo ng'ombe wa serikali yuko juu ya ua wangu. Amekata nyaya tatu. Unajua amekula marobota mangapi ya nyasi zangu, yeye na ukoo wake? Hiyo nyama nimeinenepesha mimi."

"Basi mdai yeye."

"Mumeo yuko wapi? Bado kalala?"

"Nyonga imevunjika, Harlan. Unajua."

"Najua. Paa kalipigilia mwenyewe, likamtupa mwenyewe. Sasa kamtuma mkewe akaokote mizoga. Bonde zima litasikia: ninyi akina Ostby mnakula pamoja na kunguru."

"Kunguru hawaombi kibali. Mimi naomba."

"Kibali!" Akatema mate kwenye theluji. "Nitakiomba mimi. Kafia kwangu."

"Hajafa."

Kana kwamba alitusikia, elki akalia. Mwili mkubwa kama ule, na sauti nyembamba kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Harlan akaenda kwenye pikapu yake akarudi na bunduki.

"Iweke hiyo," nikamwambia.

"Mnyama anateseka."

"Askari anakuja."

"Dakika ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini! Una moyo wa namna gani wewe? Hata mbwa wangu mwizi nisingemfanyia hivi."

"Wewe una ng'ombe mia mbili, mimi nina watoto wanne. Ukimpiga risasi nyama hii si yangu, wala si yako."

Akatabasamu. "Hapo ndipo penye raha."

Nikasogea nikasimama kati ya mtutu na mnyama. Hata leo sijui kama alishika bunduki ile kwa huruma au kwa kunikomoa. Nadhani kwa vyote viwili, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

"Piga basi," nikasema. "Anza na mimi."

"Usinijaribu, mama wee."

Hakupiga. Aliegemeza bunduki kwenye gari, akasimama mikono kifuani, nami nikabaki nilipo. Dakika kumi zikapita. Elki alijaribu kuinuka mara tatu, na kila mara waya zilimvuta chini zikalia kama nyuzi za gitaa bovu. Mvuke ulimtoka puani kwa vipande vipande. Nilikazia macho nguzo ya ua, nikahesabu misumari yake, nikaihesabu tena. Nilijisemea kwamba mimi ni mama, na mama huvumilia. Lakini aliyekuwa akivumilia si mimi.

Dakika ishirini. Harlan alikuwa amegeuza uso. Aliposema tena, hapakuwa na dhihaka.

"Nina kisu. Ni sekunde mbili tu. Sitagombana nawe juu ya mzoga, Lavonne. Sema neno moja, nimalize."

Elki akalia.

"Mmalize," nikasema.

Kisha nikageuka, nikaenda kwenye pikapu yangu kuchukua turubai. Lilikuwa juu, mbele ya macho yangu, lakini nililitafuta kwa muda mrefu. Niliporudi theluji ilikuwa nyekundu na bonde lilikuwa kimya. Harlan alikuwa amepiga goti moja, akisugua kisu kwa theluji, na mkono wake wa kushoto ulikuwa bado juu ya shingo ya mnyama, kama anavyomtuliza ndama.

Afande Marchetti, yule askari wa kaunti, alifika mapema kuliko alivyoahidi. Alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti, ambaye macho yake hayakuwa na upole huo. Alitazama koo la elki, akatazama kisu.

"Nani kamchinja?"

"Mimi," Harlan akajibu.

"Bwana Vick. Mwaka jana ulimpiga risasi elki mmoja kwenye nyasi zako, nikakuonya kwa maandishi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka kila kitu."

"Safari hii hakimu anaweza kuchukua leseni yako ya kuwinda."

"Alikuwa analia, afande. Ulitaka nimwimbie?"

Akanigeukia mimi. "Na wewe, mama? Nataka jibu moja tu, na linyooke. Kama ulimwomba afanye hivi, mna kosa sawa, na kibali siandiki. Kama hukumwomba, gari ndilo lililomvunja, wewe ulipiga simu, ukasubiri kama inavyotakiwa. Ulimwomba?"

Harlan akakunja mikono. "Ndiyo, muulize yeye."

Alinipa nafasi. Nataka ieleweke kwamba alinipa nafasi, na alikuwa ananiangalia usoni bila chuki kwa mara ya kwanza katika miaka ile sita. Nikaona friza yetu. Nikaona mtoto wangu wa mwisho akizungusha tambi kwa uma bila kuinua mkono kuipeleka mdomoni.

"Sikumwomba kitu," nikasema. "Nilikuwa nachukua turubai."

Sentensi ya pili ilikuwa kweli tupu.

Harlan alicheka kicheko kifupi, kikavu. Hakujitetea. "Andika, afande," akasema. "Andika kwa mwandiko mzuri."

Marchetti akaandika karatasi mbili, ya mashtaka kwa Harlan na ya kibali kwangu, akaitwa kwenye redio kwa ajali nyingine, akaondoka. Tukabaki wawili na kilo mia mbili za nyama ambazo mwanamke mmoja hawezi kuziinua, na ambazo sheria hainiruhusu kuzipasulia pale na kuacha matumbo. Nilifunga kamba miguuni, nikavuta. Nikavuta tena. Harlan aliniangalia mpaka nikaanguka kwa makalio kwenye mtaro.

"Vuta, kunguru," akasema. "Una kibali."

Kisha akaenda zake. Nilidhani amekwenda moja kwa moja, lakini baada ya muda trekta lake likaja likinguruma kutoka zizini, na uma wake wa kubebea marobota ukaingia chini ya elki.

"Sikusaidii," akapaza sauti juu ya injini. "Nasafisha ua wangu."

Alimwachia kutoka juu, kwa makusudi, mpaka springi za pikapu yangu zikalia. Halafu akazima injini ili nisikose kusikia.

"Ulisema mmalize. Mimi nilisikia. Na mnyama huyu alisikia."

"Watoto wangu, Harlan…"

"Kila mtu ana watoto. Ondoka."

Mchana ule Duane alijikokota kwa mikongojo hadi ghalani. Nyama ya ajali huwa na mabonge ya damu. Mara nyingi nusu hutupwa. Ya elki huyu ilikuwa safi, nyekundu, imetoka damu yote. Alipitisha kidole kwenye mkato wa koo.

"Huyu kachinjwa na mtu anayejua. Askari gani huyo?"

"Harlan."

Akatazama karatasi ya kibali niliyoipigilia mlangoni. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nachukua turubai."

Hakuniuliza tena. Tulikata hadi jioni, na friza ikajaa mpaka kifuniko kikagoma kufunga. Kabla ya kulala nilichukua sarara, mnofu ule laini wa mgongoni ambao kwetu hapewi mgeni yeyote ila mwenye haki, nikaufunga kwa karatasi nyeupe, nikauacha juu ya lango la Harlan. Sikuandika jina. Angejua.

Mahakama ilimnyima leseni misimu miwili. Lakini hilo lilikuja baadaye. Asubuhi iliyofuata nilikuta kifurushi kile kimefungwa kwa waya kwenye nguzo ya sanduku letu la barua, hakijafunguliwa, kigumu kama jiwe kwa baridi. Ule waya niliutambua. Ulikuwa kipande cha seng'enge iliyokatika.

Nilikifungua kutoka kwenye nguzo. Kisha nikakirudisha kwenye friza, kwa sababu watoto walikuwa wanne. Tulikila mwezi wa pili. Wote walisema ni kitamu.