Pindo la Shibiri Moja

"Mkia uko nje!" meneja alipiga kelele, mikono kichwani. "Wageni wa uzinduzi wanaingia saa nne, na mkia wa gari uko nje!"

Kweli ulikuwa nje. Gari jipya, refu, jeusi tii, lilifunikwa kitambaa chekundu kuanzia mbele, lakini nyuma taa zake zilichungulia kama miguu ya mtoto iliyozidi blanketi. Fundi cherehani aliyekishona kitambaa kile kwa siku tisa alikivuta nyuma, mbele nako kukawa wazi. Yeye alikuwa kibarua wa vifuniko tu, huko stoo. Alichokitamani ni nafasi moja katika karakana ya ngozi, wanakoshona viti vya magari yenyewe. Meneja alimwahidi: kifuniko kikipendeza mbele ya mkuu wa karakana, atamwombea nafasi. Kikiharibika, ndiyo basi.

"Vipimo ulinipa wewe," alisema fundi, mama wa watu.

"Nilikupa vya gari!"

"Gari lipi?"

Meneja akanywea. Gari jipya lilikuwa siri, limefungiwa, hata yeye hakuruhusiwa kulitia machoni. Basi alilipima lile la zamani, akajisemea gari ni gari. Kumbe hili limezidi shibiri nzima!

Wifi yake fundi, aliyekuja kusaidia kupiga pasi, akaguna. "Makubwa haya! Sasa tulikate gari?"

"Lete wembe," fundi akasema.

Alipiga magoti, akageuza pindo. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichokunjwa, shibiri na ushee. Wiki iliyopita meneja alimcheka mbele za watu kwa pindo hilohilo, eti anapoteza kitambaa. Lakini fundi alikuwa ameshona sare za shule miaka kumi na miwili, na mkono wake haukujua pindo jingine. Watoto hurefuka, na sketi ni ileile.

"Fumua upande ule, wifi. Taratibu, usinitobolee kitambaa."

"Kaka yangu angekuona ulivyolikumbatia gari la watu, angeona wivu."

Walicheka. Wakafumua, wakapiga pasi, wakashona upya kwa mkono, pindo jembamba, mmoja kutoka kushoto, mmoja kutoka kulia, hadi sindano zikakutana katikati. Zilibaki dakika sita.

Wageni walipojaa ukumbini, mkurugenzi wa kampuni alishika ncha, akavuta. Kitambaa hakikukwama popote. Kiliteleza chote kwa mkupuo mmoja, gari likabaki linameremeta, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Fundi, kule nyuma ya mlango, alipiga makofi kuliko wote. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta.

Watu walilizonga gari. Mkuu wa karakana, mzee mwenye miwani, yeye aliinama sakafuni, akapitisha kidole gumba juu ya pindo.

"Mkono wa nani huu?"

Meneja alikohoa. "Tuli—"

"Wa huyu hapa!" wifi akadakia, akamsukuma fundi mbele.

Mzee alimtazama fundi, akatazama vidole vyake.

"Jumatatu, saa mbili. Njoo na sindano zako, za kwetu butu."

"Nitakuja, mzee," fundi alijibu.

Wifi alipiga kigelegele, wageni wakageuka. Fundi akainama kukikunja kitambaa chake. Juu ya ule wekundu, shibiri moja kutoka ukingoni, alama ya mkunjo wa zamani ilikuwa bado inaonekana, pale gari la zamani lilipokuwa linaishia.