Vikombe Chini ya Viti

Pale mtaani Free Area, kama habari ilikupita, uliifuata kwa Jemutai, Mama Kibii kwa majirani. Nani ameposwa, nani amehama bila kuaga, mchungaji amekosana na nani: yote yalipita sebuleni kwake kila Alhamisi, yakisindikizwa na chai ya maziwa iliyopikwa kwa sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto.

Kisha miguu ikaanza kufura. Daktari akasoma majibu ya damu, akamuuliza amemeza zile dawa za maumivu ya magoti kwa muda gani.

"Tangu nipate mjukuu wa kwanza," Jemutai akasema. Mjukuu mwenyewe yuko kidato cha pili.

Daktari akavua miwani. Figo zimebaki na nguvu kidogo, akasema, na maji yanajaa mwilini. Dawa zile aache, chumvi apunguze. Tena kila asubuhi ajaze chupa ya lita moja. Akinywa chochote, uji, supu, chai, amwage maji kiasi hicho hicho. Chupa ikiisha, amemaliza kunywa siku hiyo.

Kiu alikaa nayo kama mke mwenza, hawapendani lakini hawafukuzani. Kilichomshinda ni wageni. Alhamisi ya kwanza walikuja, wakakataa chai. "Tumetoka kunywa sasa hivi, Mama Kibii." Ya pili wakasalimia wakiwa mlangoni. Ya tatu hakuna aliyekuja. Jemutai aliosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu, akaacha mlango wazi, akasikiliza barabara. Kila kiatu kilichokaribia kilipita. Au wameshaanza kumwombolezea? Alitamani mtu aje tu amwage majani ya chai kwenye kitambaa chake cha meza, apate wa kumkasirikia.

Alhamisi ya sita akasikia kicheko cha Chelangat, mmoja wa wageni wake wa Alhamisi, kile cha kukoroma kama gari linalokataa kuwaka, kikitoka kwa Njoki, nyumba ya tatu. Akachukua chupa yake, akaenda polepole kwa malapa, viatu vingine havimwingii.

Alipobisha pakawa kimya, kisha vyombo vikagongana. Alikuta wanawake watano wamekaa wima kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka chini ya viti. Chelangat alikuwa amefunika kikombe kwa leso mapajani, machozi yakimlenga.

"Chelangat, unaungua."

"Niko sawa, Mama Kibii."

"Unaungua."

"Kidogo."

Njoki, mwenye nyumba, akatazama sakafu. "Tuliona ni vibaya, sisi tunakunywa na wewe unatuangalia. Na kwako mtu hawezi kaa bila chai, unajijua. Tukasema heri tusikutese."

"Hii kiu ya maji daktari amenipimia," Jemutai akasema. "Ile ya watu mmenipimia nyinyi, na mmenipimia bure kabisa."

Akavuta stuli, akaketi.

"Toeni vikombe. Njoki, nipe nusu kikombe."

"Na daktari?"

"Daktari akionja chai yako atakuhurumia wewe, si mimi."

Chelangat akakoroma. Jemutai akafungua chupa, akamwaga nusu kikombe kwenye kopo lililopandwa vitunguu pale mlangoni. Chupani yalibaki mafunda mawili, ya kumezea dawa za jioni. Baada ya hapo mdomo ungekauka mpaka asubuhi, na alijua hivyo alipokuwa akimwaga. Chai ilipokuja aliishika kwanza kwa mikono miwili. Kisha akaonja, akaiacha tangawizi ikae ulimini, hakuwa na haraka ya kumeza.

"Alhamisi ijayo ni kwangu," akasema. "Mtakunywa, mimi nitaongea. Sasa mlikuwa mnamcheka nani?"

Wakaangaliana.

"Zeddy," Chelangat akasema, akijipepea mapaja. "Zeddy wa kwaya."

"Amefanya nini?"

"Ni stori ndefu, Mama Kibii."

"Anzia mwanzo," Jemutai akasema. "Na usiruke mtu."