Supu Nyeusi ya Kina Rataj

Saa nne asubuhi Waleria alikuwa ameshagombana na watu wawili kwa sababu ya siki. Wa kwanza alikuwa padri, aliyeshuka jikoni kuuliza kwa upole kama supu nyeusi ni lazima itiwe siki yote ile. Wa pili alikuwa Genia, shoga yake tangu utotoni, aliyethubutu kuonja bila ruhusa na kutangaza kwamba imezidi.

"Bila siki damu ya bata inaganda," Waleria alimwambia. "Unataka tuwalishe watu mabonge siku ya mwisho?"

"Siku ya mwisho, na ulimi bado ni uleule!" Genia alisema, akarudi kwenye viazi vyake.

Kweli ilikuwa siku ya mwisho. Karamu ya mavuno ya Lipowa ilikuwa ikipikwa katika chumba hiki cha chini ya kanisa kila Oktoba, tangu zama za wale mababu walioshuka kwenye treni na masanduku yao, wakatazama nyanda za Nebraska zisizo na mti hata mmoja, wakaupa mji wao jina la mti walioukumbuka. Sasa treni haikusimama tena. Shule ilikuwa na kufuli. Duka la nyama, ambalo zamani soseji zake ziliwatoa watu mashambani kabla ya Misa, lilikuwa likihifadhi matrekta mabovu. Jumapili walikuja waumini kumi na mmoja, na barua ya askofu iliyosomwa mwezi Julai haikumshangaza mtu. Mwisho wa mwezi kanisa lingefungwa.

Na Waleria naye alikuwa anahama leo hii. Nyumba ilikwisha kuuzwa, vitu vilikuwa ndani ya gari la binti yake Diane, na Diane alikuwa amesema saa tisa kamili wawe barabarani kuelekea Omaha, maana theluji ya mapema ilikuwa imetabiriwa. Waleria alikuwa na miaka sabini na sita na magoti mabaya, ngazi za ile nyumba zilikwisha kumshinda. Hakuwa akilia kwa ajili ya nyumba. Kilichomkera ni swali moja alilokuwa amelibeba kwa miaka hamsini na minne, ambalo sasa ilionekana angeondoka nalo bila jibu. Kwa nini Klemens Zaborny alikuja kwao kumchumbia, akala, akashukuru, akaenda zake asirudi tena?

Alikuwa na miaka ishirini na miwili wakati huo. Kiangazi kizima Klemens alikuwa amecheza naye kwenye ukumbi wa ngoma, hata kisigino cha kiatu chake kikang'oka, naye Klemens akakigongomea kwa msumari wa uzio. Alipotokea Jumapili ile ya Oktoba amevaa suti ya kaka yake, yenye mikono mifupi, nyumba nzima ilijua amefuata nini. Mama yake Waleria alikuwa amechinja bata aliyenona kuliko wote, yule wa Krismasi. Alipika supu nyeusi kwa siku mbili, na plamu zilizokaushwa na tambi alizozikata kwa mkono. Kwao, kwa kina Rataj, hakukuwa na heshima kubwa zaidi ya hiyo. Ukitaka kukunja pua kwa sababu ya damu, kunja, lakini hujaionja ya mama yake.

Klemens aliwekewa bakuli akabadilika rangi. Akaila yote upesi, kama mtu anayekunywa dawa. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa, kwamba hakuna anayeinuka mezani wakati mgeni ana kijiko mkononi. Waleria aliipeleka sheria hiyo hadi kwenye ndoa yake, na Diane alikuzwa nayo. Siku ile haikumchelewesha mtu yeyote. Klemens alimaliza, akaweka kijiko chini, akasema, "Asante, Mama. Mungu awabariki," akavaa kofia. Baba yake Waleria alibaki ameshika chupa ya vodka ambayo hakuwa amepata nafasi ya kuifungua.

Waleria alimngoja hadi majira ya kuchipua. Baada ya hapo kiburi kilimkataza kungoja, na mwaka uliofuata akaja Leon. Leon alikuwa mume mwema na Waleria alimpenda, hilo lisichanganywe na jingine. Walikaa pamoja miaka arobaini hadi kifo chake. Klemens hakuoa. Alipiga kengele ya kanisa, aliwaazima trekta yake, alibeba jeneza la Leon akiwa upande wa mbele. Na kila mwaka alikuja kwenye karamu na sahani yake, akachukua soseji, akachukua kabichi, akachukua viazi, na alipofika kwenye sufuria la Waleria alitabasamu na kusema, "Leo hapana, Waleria." Waleria aliamua zamani kwamba haipendi tu ile supu.

Safari hii kamati ilikuwa imebandika kadi ukutani, kila mtu aandike anachokikumbuka. Saa sita kasoro, kabla milango haijafunguliwa, Waleria alijipangusa mikono akavaa miwani aende kusoma. Mmoja alikumbuka ng'ombe aliyeingia kanisani katikati ya harusi na kusimama upande wa bibi harusi. Mwingine alikumbuka kinyozi aliyenyolea watu ndani ya baa, kwa kuwa taa za baa zilikuwa bora, na jinsi nywele za Jumamosi jioni zilivyokuwa mbaya kuliko za asubuhi. Waleria alicheka peke yake. Halafu akakuta mwandiko ulioinama kulia, akautambua kabla ya kuona jina.

"Nakumbuka kamba ya kengele ikinikatikia mkononi siku ya Pasaka. Nakumbuka ukumbi wa ngoma. Nakumbuka Oktoba 1962, kwa kina Rataj, nilipopewa supu nyeusi. Sijui mtu aliyekataliwa kwa heshima kama mimi. Ilikuwa supu tamu sana. K. Zaborny."

Aliisoma mara tatu. Kisha akarudi jikoni akiwa ameishika mkononi, kwa sababu alikuwa ameibandua bila kujua.

"Genia. Nani alimkataa binamu yako Klemens?"

Genia alitazama kadi, akatazama mlango. "Unaniuliza mimi? Si nyie wenyewe?"

"Lini?"

"Mlimpa supu nyeusi, Waleria."

"Tulimpa chakula!"

"Mposaji hapewi supu nyeusi. Akiwekewa mezani, hilo ndilo jibu. Asante kwa kuja, mlango ni ule pale. Bibi yetu alikuwa mpishi kwenye nyumba ya mabwana, kule mashariki mwa nchi ya zamani, na ndivyo walivyofanya. Baba wa binti hamwaibishi kijana wa watu kwa maneno. Anapika supu."

"Kwetu hiyo ni supu ya mgeni wa heshima! Mama alichinja bata wa Krismasi!"

Genia alikaa polepole juu ya gunia la viazi. "Mungu wangu," alisema. "Na mimi nilikununia miaka miwili."

"Nilidhani ni kwa sababu ya nywele zangu."

"Nywele nazo zilichangia."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningeulizaje? Mmeshamkataa kistaarabu, nije nikuchokonoe? Mambo ya watu hayo."

Waleria alishikwa na hasira hata akashindwa kuikunja ile kadi. Aliwakasirikia mabibi wote waliovuka bahari na desturi zao bila kuzilinganisha. Alimkasirikia Klemens, mwanamume aliyeweza kumwangusha fahali lakini hakuweza kuuliza swali moja. Zaidi alijikasirikia mwenyewe, msema hovyo anayejulikana hadi mji wa jirani, aliyekaa kimya barazani majira yote ya baridi. Hasira ilipotulia ikabaki hofu. Saa tisa anaondoka. Akinyamaza, Klemens atakwenda kaburini akiamini alikataliwa. Akisema, atakwenda akijua hakukataliwa kamwe, na pengine hilo ni chungu zaidi. Amekwisha kuizoea habari yake, hata ameiandika ukutani na kuisifia supu.

Milango ikafunguliwa. Walikuja watu mia mbili, kutoka Denver, kutoka Chicago, watoto wa watoto wa watu waliozikwa mlimani, wakala kama waliofungua mfungo na kuambiana kwamba inasikitisha kanisa kufungwa. "Mngekuja Jumapili za kawaida," Genia aliwajibu huku akiwajazia sahani. Klemens alifika kwenye foleni, mrefu bado, kola imemlegea shingoni.

"Leo hapana, Waleria," alisema.

Waleria alifungua mdomo. Upawa ulikuwa ukidondosha juu ya kitambaa cha meza, na nyuma mtu alikuwa akisukuma. Klemens akasonga mbele na kabichi yake.

Ilipofika saa tisa kasoro robo, sufuria lilikuwa limebakiwa na bakuli moja chini kabisa. Waleria alilikwangua. Akatia tambi, akachagua plamu nne nzima, akavua aproni. Genia alimtazama, akamsogezea kijiko safi. Klemens alikuwa amekaa peke yake meza ya mwisho, chini ya dirisha. Waleria aliweka bakuli mbele yake.

Klemens alilitazama. "Mara ya pili," alisema. "Na safari hii sijaomba kitu."

"Nyamaza unisikilize. Kwetu hii ni supu ya mgeni. Mama alichinja bata wa Krismasi kwa ajili yako. Mimi nilikuwa nimelipiga pasi gauni mara mbili. Baba alikuwa ameshika chupa tayari. Hakuna aliyekukataa, Klemens."

Klemens aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna."

"Ile chupa niliiona." Klemens aliinua macho. "Nikajua nikichelewa kutoka atanipiga nayo."

Waleria alicheka, hakuweza kujizuia, na Klemens naye akacheka, mabega yakimtikisika, mpaka wakageukiwa na meza za jirani. Walipomaliza wote wawili walikuwa wakijifuta macho kwa karatasi za mezani.

"Ulikuwa na miguu," Waleria alisema. "Ungerudi ukauliza."

"Na wewe ulikuwa na mdomo. Mji mzima ni shahidi."

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa nao. Nisamehe."

Klemens alikizungusha kijiko mezani bila kukiinua. "Ungekubali?" aliuliza.

"Kabla hujapanda ngazi."

Klemens alitikisa kichwa taratibu, akageuka dirishani, na Waleria akamwacha atazame nje kadiri alivyotaka. Kisha Klemens alichukua kijiko. Alikunywa kidogo, akaitafuta plamu, akaitafuna muda mrefu sana.

"Siki imezidi," alisema.

"Haijazidi."

Diane alikuja akipita kati ya viti, koti limefungwa vifungo vyote, funguo za gari mkononi. "Mama, saa tisa imefika. Theluji imeshaanza kule magharibi, tusipoondoka sasa hivi tutakwama njiani."

Waleria alivuta kiti akakaa. Akavuta kingine. "Kaa, mwanangu."

"Mama, nimekwambia barabara..."

"Mgeni ana kijiko mkononi."

Diane alimtazama mama yake, akamtazama mzee aliyekuwa ameinamia bakuli na macho mekundu. Alikaa, akaweka funguo juu ya meza. Klemens alimwangalia Waleria, akaangalia bakuli lake, lililokuwa bado karibu kujaa, akachovya ncha tu ya kijiko.