Fabiola Hajafiwa

Kitu cha kwanza alichokiona Fabiola ni kwamba hakuna jirani aliyekuja kwake kuomba moto. Viberiti vilikuwa adimu mwaka ule, na kila asubuhi wanawake wa Endasak walipita na vigae vyao, wakaingia nyumba ya juu, wakaingia ya chini, wakatoka na makaa. Mlango wake waliupita kama wanapita kichaka.

Alikuwa ametoka Maretadu miezi miwili iliyopita, aitunze nyumba ya mjomba wake Hermani, aliyehamia kambi ya wafanyakazi kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Shule aliiachia darasa la tano, lakini sindano aliijua. Padre alimpa kazi ya kudarizi kitambaa cha altare cha Pasaka, cheupe, chenye suke la ngano kila pembe.

Matrekta yalipolima kule chini, vumbi lilipanda mpaka Endasak. Basi alifunga mlango kutwa nzima, akadarizi kwenye mwanga wa kidirisha. Akitoka, alisalimia kwa sauti ndogo, nao wakaitikia wakiwa mbali. Wananidharau, akasema moyoni. Suke la kwanza alilifumua mara tatu. Hapakuwa na wa kumwambia, hapo sawa, endelea. Mwishowe ukimya ukamshinda. Akafunga mzigo arudi kwao, akaenda kwa jirani yake, Mama Kornelia, amwombe akirudishe kitambaa parokiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, mwanangu." Kornelia alirudi nyuma hatua mbili. "Miezi yako imekwisha?"

"Miezi gani, mama?"

"Ya msiba. Kichwa umenyoa, mlango umefunga. Umefiwa na nani?"

Fabiola akajishika kichwa. "Sijafiwa, mama. Nilikuwa na mapunye. Mlango nafunga sababu ya vumbi."

Kwa desturi ya Endasak, mwenye msiba mzito hukaa ndani, haombwi moto wala hapewi, mpaka muda wake uishe. Muda wote ule walikuwa wakimheshimu.

Kornelia alicheka mpaka akakaa chini. "Tekla! We Tekla! Njoo usikie! Yule tuliyekuwa tunamlilia ana mapunye!"

Tekla, mkwe wake, alikuja mbio, akakunjua kitambaa. "Na hii je? Mkia wa nyumbu?"

"Ngano," Fabiola akanong'ona.

"Ngano! Basi matrekta yanahangaika bure."

Wakacheka, na Fabiola naye akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Hawakumwacha aondoke. Kesho yake Tekla alimletea suke la kweli, aliloliokota kando ya shamba. Wanawake wakaja na kazi zao, huyu anachambua maharage, huyu anasuka kikapu. Walimwagia uwanja maji vumbi litulie, na mlango ukabaki wazi. Fabiola akikosea walimwambia. Akipatia walimwambia pia, tena kwa kelele zaidi. Kabla ya Jumapili ya Matawi, masuke yote manne yalikuwa yamesimama.

Siku ya kumalizia, Kornelia alimwuliza, "Miezi miwili yote ile, mtoto, mbona hukuja hata kuuliza?"

Fabiola akakata uzi kwa meno. Halafu akamtazama mama yule usoni.

"Niliona haya, mama. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa naisalimia sindano kila asubuhi. Asanteni kwa kukaa nami."